Ushuru ni Amana ya Pande Mbili

Mara nyingi huulizwa: Mkulima wa Mbulu apitishaye vitunguu saumu vyake usiku ili akiepuke kizuizi cha ushuru, au wa Hanang afanyaye hivyo kwa mahindi yake, je, ametenda dhambi, iwapo ushuru wenyewe unamwelemea?

Tukiri kwanza kwamba malalamiko yao yana msingi. Kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, ilihesabu vichwa vya watu kuliko mali zao. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Hata hivyo msingi wake ni thamani ya mazao, si faida. Aliyepata hasara naye humwangukia. Na pale mnunuzi alipapo, mara nyingi humrudishia mkulima mzigo huo kwa kumpunguzia bei. Zaka ya Kiislamu haiko hivyo: asiyefikia kiwango cha nisabu hadaiwi kitu.

Basi, je, kukwepa ni halali? La, hasha! Mahitaji ya umma hayapungui kwa kuwa mmoja amejificha. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80, nani hakuona haja ya barabara, hospitali na mitambo ya umma? Akwepaye huwaachia wenzake gharama hizo, na mwenye malori hukwepa kwa wepesi kuliko mkulima mdogo. Tena uongo haugeuki kuwa kweli kwa sababu aliyedanganywa ni karani wa ushuru.

Lakini amana hii ina pande mbili. Mtoza ushuru apokeaye fedha bila kutoa stakabadhi amewaibia wote. Kiongozi asiyesoma hesabu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji amewanyima wenye mali haki yao. Hapo ndipo mwananchi apaswapo kusimama mchana, kwa adabu, na kuuliza: Fedha zetu zimefanya nini? Anyamazaye mkutanoni kisha akakwepa kizuizini hakuiondoa dhuluma. Amemhamishia jirani yake.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoaji ukweli, na wapokeaji uaminifu. Amin.