Sungura Aliyebaki Bila Msimulizi

Hadithi ikichukuliwa kutoka kwa wenyewe, ikavishwa sura ya kuwaaibisha, je, kuifuta kunatosha kuwa haki? Swali hili limenijia kwa sababu ya sungura mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 30 ndani ya mlima wa bandia huko California.

Mlima huo uliitwa Splash Mountain. Ulifunguliwa katika bustani ya burudani ya Disneyland mwezi Julai 1989, na mingine miwili ikafuata Tokyo na Florida mwaka 1992. Wageni waliketi ndani ya chombo chenye umbo la gogo, kikaelea kwenye mfereji wa maji na kuingia mapangoni, katikati ya sanamu za wanyama zilizosogea na kuimba kwa mitambo. Sijawahi kuupanda, nimeutazama kwenye video zilizopigwa na wageni. Hata kwenye kioo cha simu, ustadi wake unaonekana. Sungura anaaga nyumbani. Mbweha na Dubu wanamwinda hadi wanamnasa. Gogo linaanza kupandishwa taratibu, na tumbusi wawili wanakukejeli kutoka juu. Kisha sungura hayupo tena mbele yako. Anayetupwa ni wewe: takriban mita 16 kwenda chini, kwenye kichaka cha miiba.

Kwa sekunde chache, mtu aliyelipa kiingilio anakuwa sungura. Lakini kabla yake, nani walikuwa sungura huyu?

Joel Chandler Harris, mwandishi wa habari wa Georgia, alifanya kazi akiwa kijana kwenye gazeti lililochapwa ndani ya shamba kubwa la watumwa, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Huko alisikiliza hadithi za watu waliotumikishwa. Mwishoni mwa mwaka 1880 alizitoa kama kitabu, akaziweka kinywani mwa mzee aliyembuni mwenyewe, Uncle Remus: mtumwa wa zamani, mpole, anayemsimulia mtoto wa Kizungu na kuzikumbuka enzi za shamba bila kinyongo. Mwaka 1946 Disney ikamtia mzee huyo kwenye filamu ya Song of the South. James Baskett, mwigizaji Mweusi aliyemwigiza, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wake Atlanta, kwa kuwa mji ule ulikuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kiliilaumu filamu kwa kuyapaka asali maisha ya shambani. Hadi leo Disney haijawahi kuiuza Marekani kwa kanda wala diski ya kutazama nyumbani.

Ni wazi kwamba waliobuni mlima walijua wanachokishika. Ndani yake Uncle Remus hayumo. Sanamu ya lami, mtego maarufu kuliko yote katika hadithi hizo, haimo pia. Sungura ananaswa kwa asali. Walibakiza wanyama na nyimbo, wakaamini kwamba hadithi imetakata.

Naona hapo ndipo kosa la pili lilipofanyika. Hadithi ya miiba ina maana kwa sababu ya yule anayeisimulia. Sungura aliyenaswa anamwomba Mbweha amuue kwa njia yoyote, ila asimtupe kwenye miiba. Mbweha, kwa ukatili wake, anamtupa hukohuko, na sungura anatoka akicheka, maana amezaliwa miibani. Weka maneno hayo kinywani mwa mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa mali, anayezungumza na wenzake baada ya kazi. Hahitaji kuambiwa Mbweha ni nani. Anajifunza kwamba ukatili wa mwenye nguvu una upofu, na ndani ya upofu huo mnyonge anaweza kupata njia.

Kwenye mlima, sungura anatoka nyumbani akitafuta vituko, anakutana na balaa, anarudi, na wote wanaimba kwa furaha kwamba nyumbani ndiko kuzuri. Hadithi ya watu waliokatazwa kuondoka imegeuzwa kuwa onyo dhidi ya kuondoka. Wala hakuna aliyehitaji kutia neno moja la chuki. Ilitosha kumwondoa msimulizi.

Msomaji wa pwani yetu ataitambua hila hiyo. Katika Zanzibar Tales, kitabu cha George Bateman cha mwaka 1901, Simba anamkamata Kobe kwenye mti wa asali. Kobe anamshauri namna ya kumuua: amsugue kwenye matope mpaka gamba litoke. Simba anasugua mpaka makucha yake yanachubuka, na Kobe anateleza zake. Sisemi hadithi ya Georgia ilitoka Unguja. Wengi wa waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola. Nasema akili ni ileile: mdogo anamfundisha mkubwa jinsi ya kushindwa. Tena kwetu hadithi haianzi mpaka msimulizi aseme “Paukwa” na wasikilizaji waitike “Pakawa”. Lazima ijulikane nani anasema na nani anasikiliza.

Juni 2020, Marekani ikiwa katika maandamano baada ya kuuawa kwa George Floyd, Disney ilitangaza kwamba mlima utabadilishwa. Mwaka 2023 ulifungwa Florida na California, na mwaka 2024 ukafunguliwa upya kwa jina la Tiana, binti wa New Orleans kutoka filamu ya 2009, binti mfalme wa kwanza Mweusi wa Disney. Siwezi kulibeza hilo. Mtoto Mweusi anayeingia pale anaona mtu wa sura yake akiwa mwenyeji wa shughuli, na hiyo si zawadi ndogo. Tena bustani ya michezo si shule. Hakuna anayepanda gogo ili afundishwe historia ya utumwa. Kwa hoja hizo, kuufunga kulikuwa sahihi.

Lakini kuacha kukosea ni jambo moja, na kulipa deni ni jingine. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa Eatonton, mji uleule aliozaliwa Harris, aliandika kwamba Harris alimwibia sehemu ya urithi wake kwa kumfanya auonee aibu. Tafakari uzito wa wizi huo. Hadithi haikutoka nyumbani kwao. Kilichotoka ni hamu ya kuisimulia. Ukiufuta mlima, unaiondoa picha iliyoleta aibu, ila hamu hairudi kwa kufuta. Na sasa sungura mwenyewe, ambaye hakumkosea mtu, ameondoka pamoja na kinyago alichovishwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, kufuta hakutoshi. Shirika linaweza kubomoa ilichokijenga, na wakati mwingine lazima libomoe. Kurudisha hadithi ni kazi ya midomo: mtu aisimulie kwa watu wake, lami ikiwemo, miiba ikiwemo, na asione haya kusema ni nani walioisimulia kwanza, na kwa nini walicheka.