Mkopeshaji na Deni Lake

Tuseme mtu wa hapa Simbo amemkopesha jirani fedha za kujengea ua. Ua ule wafunga njia ya mjane aendaye kwenye michikichi yake. Mkopeshaji asema, "Mimi sikuchimba shimo hata moja." Je, hana neno?

Jambo hili limetokea katika nchi yetu. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Tanzania dola milioni 150 kwa ajili ya hifadhi za kusini, Ruaha ikiwa mojawapo. Mwaka 2023 wenyeji wa Mbarali, wakulima na wafugaji, walilipelekea Jopo la Ukaguzi la benki hiyo malalamiko, wakisema kwamba waondoshwa katika ardhi yao na ng'ombe wao wakamatwa. Aprili 2024 benki ikazuia fedha zilizosalia. Novemba mradi ukafutwa.

Wengine wasema, yatosha. Mimi sioni hivyo. Afungaye mfuko ajitenga tu. Atakaye kupatana humwendea aliyeumia. Zakayo hakuahidi tu kuacha dhuluma, bali kurudisha mara nne. Wala asiipime hasara mkopeshaji peke yake, aketiye mbali na vitabu vyake. Na aulizwe mwenye ng'ombe. Mjane wetu naye akiulizwa, nadhani ataomba njia kwanza, fedha baadaye.