Sanamu Isiyoshikwa na Mkono: Ni Kazi ya Nani?

Kijana mmoja wa usharika wetu hapa Vugiri alinionyesha picha ya sanamu, akaniuliza, "Baba Mchungaji, hii ni kazi ya nani?" Nalinyamaza kwanza. (Ninenapo sanamu, sineni habari ya vinyago vya kuabudiwa, nanena kazi ya fundi.)

Sanamu ile ni ya chuma kisichoshika kutu, uzito wake kilo 500. Ilifanywa na kampuni ya Sandvik, ikaonyeshwa Stockholm, nchi ya Sweden, mwaka 2023. Akili mnemba, yaani kompyuta iliyofunzwa kwa mifano, ilipewa namna za mafundi watano waliokwisha kufa, ikazichanganya kuwa umbo moja. Kisha mashine zikakata chuma kwa kulifuata umbo lile.

Wengine husema huu ni wizi. Mimi sikubali upesi. Maana kwetu mti wa ujamaa, wale watu waliobebana katika gogo moja la mpingo, ni kazi iliyoanzwa na Wamakonde, na leo wasio Wamakonde nao huichonga na kuiuza. Hatuwaiti wezi. Lakini mwanafunzi wa kuchonga hukaa miguuni pa mwalimu wake. Hunoa tezo, hufagia vipande, hukemewa. Hulipa kwa jasho, tena mwalimu humjua. Mashine haikumfagilia mtu.

Katika wale watano yumo mama mmoja, Augusta Savage, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1892. Kwa maonyesho makubwa ya New York ya mwaka 1939 alifinyanga kinubi kirefu, na nyuzi zake ni watu weusi waimbao. Kilikuwa cha plasta tu, kwa kuwa fedha za kukisubu kwa shaba hazikupatikana, wala mahali pa kukihifadhi. Maonyesho yalipokwisha, kikavunjwa. Yeye alikufa mwaka 1962. Basi kazi ya mkono wake ilikosa mahali pa kusimama. Sasa namna ya mkono ule imepata mahali Stockholm, naye hayupo aulizwe.

Watengenezaji waliwataja wote watano kwa majina, nami nawasifu kwa hilo. Ziko mashine zilizolishwa picha za watu wasiohesabika, wala hatajwi hata mmoja. Kwa hiyo nalimjibu kijana: kazi ni ya yule aliyechagua, naye ndiye mwenye deni kwa wale aliotwaa kwao. Mashine haina deni, kwa sababu haiwezi kuona haya.

Kumbe alikuwa na haja yake. Ataka mlango mpya wa kanisa uchongwe kwa mashine ya kompyuta, kama ifanyikavyo Dar es Salaam, kwa kuyafuata maua ya mlango wetu wa zamani. Sikumkataza. Nalimtuma kwa mzee aliyeyachonga maua yale, amwombe ruhusa. Mzee amekubali, ila ataka awepo siku mbao zitakapokatwa. Wazee wa usharika watakutana Jumapili kwa habari ya nauli yake.