Kuiga Sauti ya Zamani: ni Kurithi ao ni Kudanganya?



Katika chama chetu tumezoea kubishana juu ya mambo makubwa: mahari, matanga, majina ya mababu. Safari hii tulibishana juu ya kitu kidogo, kinene kama kidole gumba: mikro. Kumbe ndani ya hiki kitu kidogo mlikuwa swali la zamani sana.

Mambo yalikuwa hivi. Tulitaka kurekodi wazee wapiga likembe pamoja na masimulizi yao, maana tunawazika mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka na nyimbo zake. Feza ya chama ilitosha paka kwa mikro mbili za bei ndogo, zile nyembamba zinazotoka viwanda vya China. Tukazijaribu. Mzee akasikiliza likembe yake katika spika, akainamisha kichwa, akasema: "Hii inalia kama vijiko katika sahani."

Hapo kijana wetu mmoja, fundi wa redio, akatoa shauri: "Niachieni nizifungue. Nitabadilisha vitu vya ndani, zitasikilika sawa vile mikro za zamani za Wajerumani." Wengine wakafurahi. Wengine wakakataa kabisa: "Kwa nini tuanze kazi ya mila na uongo? Kukivika kitu cha bei ndogo sauti ya kitu kingine ni sawa na kwenda kuposa na koti ya kuazima." Na mama mmoja akauliza swali lililotunyamazisha sisi wote: "Munatafuta sauti ya mzee, ao sauti ya uzee?"

Kurasa hizi ni jibu letu kwa huyu mama.

Ile ya zamani ilipendwa juu ya nini?

Tuanze na kitu chenyewe. Mikro ya aina inayoitwa kondensa ilibuniwa na E. C. Wente, huko Marekani, mwaka 1916. Ndani yake mna kingozi chembamba sana, na nyuma ya kingozi mna kibati. Kati yao ni nafasi ndogo mno. Sauti inatikisa kingozi kama vile mkono unavyotikisa ngozi ya ngoma. Nafasi inapanuka na kupungua, na umeme uliowekwa pale unabadilika pamoja nayo. Mabadiliko hayo ni dhaifu, basi transista iliyo karibu inayapa nguvu ya kupita katika waya.

Kati ya mikro zenye kingozi kidogo, moja imepata jina kubwa: KM 84 ya kampuni Neumann ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1966. Wakati ule redio ya taifa ya Norway ilikuwa na umeme wa volti 48 kwa taa za dharura katika studio zake, ikaomba mikro zitumie umeme ule ule. Njo maana mpaka leo studio za dunia nzima zinapeleka volti 48 katika waya ya mikro. Tazameni namna desturi inavyozaliwa: taa za dharura za watu wa kaskazini zimekuwa sheria kwa mafundi wa Lubumbashi, na hakuna anayeuliza tena sababu.

Lakini KM 84 haikupendwa juu ya volti. Ilipendwa kwa sababu inaongeza kidogo sana. Sauti nyembamba za juu inaziacha mahali pake, haizivuti mbele. Na anayekaa kando ya mikro anasikilika na rangi karibu sawa na ya yule aliye mbele, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa neno moja, ni msikilizaji mwenye adabu: anasikia, hatii chumvi.

Mikro nyingi za bei ndogo zinafanya kinyume. Zinainua zile sauti za juu, na mnunuzi akizisikia mara ya kwanza anasema: "Ah, hii inasikia kila kitu!" Lakini likembe ina pete ndogo za waya kwenye vyuma vyake, na pete zile zinavuma pamoja na noti. Mpigaji mwenyewe amepima kwa sikio lake: mvumo kiasi hiki, noti kiasi hiki. Mikro inayoinua sauti za juu inaharibu kile kipimo. Vijiko katika sahani! Mzee alikuwa amesema neno la fizikia pasipo kusoma fizikia.

Fundi anabadilisha nini?

Kazi yenyewe si uchawi. Kapasita za kauri zilizo katika njia ya sauti fundi anaziondoa, anaweka za utando wa plastiki, ambazo hazipotoshi sana. Kama wavu wa mbele una tabaka nyingi, anapunguza moja, maana sauti inagonga pale na kurudi. Anaosha kibao kwa alkoli, kwa sababu dawa ya kulehemia na mafuta ya vidole vinavuta unyevu. Na pale ndani mna rezista ya thamani kubwa sana, inayoweza kufika omu bilioni moja, hata unyevu kidogo wa majira ya mvua unatosha kuleta mikwaruzo. Mara nyingine anaongeza transfoma ndogo pale sauti inapotokea, kama ilivyokuwa katika KM 84. Mara nyingine anabadilisha kichwa chenyewe chenye kingozi, na hii njo inayobadilisha mambo mengi zaidi. Kapasita nzuri haiponyi ngozi mbovu ya ngoma.

Wala si sisi wa kwanza. Mikro ya Urusi, Oktava MK-012 ya mji wa Tula, imefunguliwa na mafundi wengi wa Marekani na Ulaya kwa njia hii hii. Nao hawakosi feza kama sisi. Wanajua tu kwamba mikro ya zamani inauzwa bei kubwa zaidi kuliko ile ndogo.

Kuiga kwa namna tatu

Sasa turudi kwa swali la haki. Sisi tunaona kwamba neno "kuiga" linaficha mambo matatu, na ugomvi wetu ulitoka katika kuyachanganya.

La kwanza ni kuiga jina. Mtu anabandika alama ya Neumann juu ya mikro ya soko na kuiuza. Huyu ni mwizi, hatuna maneno mengi juu yake. Njia ya mwongo ni fupi.

La pili ni kuiga uzee. Hapa uongo hauonekani upesi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga" huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Sauti ya rekodi ile tunaipenda, hata mikwaruzo yake tunaipenda. Lakini wale watu wawili hawakutafuta sauti ya kale. Walikuwa watu wa siku zao, na vyombo vya siku zao. Kama sisi leo tunamrekodi mzee aliye hai, kisha tunaipunguza sauti yake na kuipaka vumbi ili ifanane na ya 1952, tunamfanya marehemu kabla ya saa yake. Na wajukuu wetu watakaposikiliza, watafikiri babu yao alisema kutoka mbali, kutoka nyuma ya ukuta. Huko njo kuweka uzee mahali pa mzee.

La tatu ni kuiga sababu. Unauliza: ile ya zamani ilikuwa nzuri juu ya nini? Ukishapata jibu, unatafuta wema ule ule kwa vitu ulivyo navyo mkononi. Huku hatukuiti kudanganya. Ni kurithi. Mtoto aliyerithi jembe la baba yake hakurithi mpini tu. Amerithi pia sababu ya kulima, na mpini ukivunjika anachonga mwingine.

Nani amechagua?

Lakini wapinzani wetu walikuwa na hoja moja nzito. Walisema: "Konono N°1 wa Kinshasa walitengeneza mikro zao wenyewe kwa sumaku za vyuma vya motokari, wakafunga kwenye likembe. Sauti ikakwaruza, ikapasuka, na hawakuificha. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 imewatangaza kote duniani. Kama mzee Mawangu Mingiedi hakuiga mikro ya mtu, sisi juu ya nini?"

Hoja hii ni ya kweli, na tunamheshimu yule mzee aliyefariki mwaka 2015. Tena tunaongeza mfano mwingine: wapiga madimba wa Kasai tangu kitambo wanatoboa kibuyu na kufunika tundu kwa utando mwepesi wa buibui, ili sauti ivume. Mababu hawakuogopa kuongeza kitu katika sauti.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika swali hili: nani amechagua? Ule mkwaruzo wa Konono umekubaliwa na wapigaji wenyewe. Utando wa madimba umewekwa na mkono wa mchongaji. Lakini ule mng'ao wa mikro zetu umechaguliwa na kiwanda ambacho hakijawahi kusikia likembe ya mzee wetu. Kuuondoa si kumwigiza Mjerumani. Ni kumrudishia mzee haki ya kuchagua.

Kwa hiyo hata neno "zamani" lisitudanganye. Mikro C 451 ya kampuni AKG ya Austria, ya mwaka 1969, nayo ni ya zamani na yenye heshima, lakini inajulikana kwa mng'ao wake. Na KM 184, iliyotoka mwaka 1993 katika nyumba ile ile ya Neumann kuchukua nafasi ya KM 84, inainua sauti za juu kuliko iliyoitangulia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini mikro hazina damu. Zamani si fadhila peke yake. Kuna wema wa zamani na ubaya wa zamani, sawa vile katika mila zetu zote.

Tulivyofanya

Tulikata shauri hivi: fundi abadilishe mikro moja, na ya pili isiguswe. Tukamrekodi mzee kwa zote mbili kwa wakati mmoja, kisha akasikiliza pasipo kujua ipi ni ipi. Kwa likembe alichagua iliyobadilishwa, pasipo kusita: "Hapa ninajisikia." Lakini kwa masimulizi alichagua ile isiyoguswa! Akaeleza kwamba meno yamepungua, maneno yake hayakati tena kama zamani, na ile kali inamsaidia wajukuu wamuelewe. Sisi tulikuwa tumesahau kwamba mwenye sauti anaweza kuwa na haja zake mbili.

Tangu siku ile, kila rekodi ya chama inaandikwa tarehe, mahali, mikro gani, na kitu gani kilibadilishwa ndani yake. Kitu kilichotangazwa si uongo tena.

Mama yetu, jibu lako ni hili: tunatafuta sauti ya mzee. Na ninyi wasomaji, mkienda vijijini na vyombo vyenu, vizuri ao vibaya, msirudi pasipo kumpa mwenye sauti nafasi ya kujisikia kwanza. Yeye njo anajua kama ni yeye.