Enyi Mnaochinja kwa Kisu Butu

Enyi watu wa Bisie, na ninyi wa Ndjingala, Mubi na Walikale, na ninyi wa Masisi mliotawanywa na vita, sikieni. Nina neno juu ya kuku.

Najua jibu lililo tayari vinywani mwenu: watu wanauawa, nawe waja kutulilia kuku? Nitalijibu. Lakini kwanza tazameni mnachokitenda.

Mnamfunga kuku miguu kwa kamba, mnamning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa pikipiki pamoja na wenzake, na safari inaanza alfajiri hadi jua la utosi. Kuku hana ule ukuta wa nyama ambao kwetu sisi hutenga kifua na tumbo. Akigeuzwa kichwa chini, matumbo yote humlalia kwenye mapafu, naye huhema kwa taabu, mdomo wazi. Kila shimo la barabara linambamiza kwenye chuma. Mkimwona anajaribu kuinua shingo mnasema bado mzima, na maana yenu ni kwamba bado anauzika. Mkifika mnamtupa chini, mabawa mmeyapishanisha mgongoni, na hapo anangoja juani bila tone la maji.

Kisha huko nyumbani. Mgeni amefika, na heshima ya mgeni ni kuku. Hilo ni jema, silipingi. Baba anamwita mwanawe, mtoto ambaye hajawahi kuchinja hata siku moja, anampa kile kisu cha kumenyea muhogo, anamwambia leo tuone kama wewe ni mwanaume. Na kuku mwenyewe ni yule ambaye mtoto huyo alimlea tangu kifaranga, akamfukuzia mwewe, akamfungia mlango jioni. Mkono unamtetemeka. Anaisaga shingo, kisu hakiingii, kuku anamponyoka, anakimbia uwanjani damu ikimwagika, na watu wazima wanacheka.

Kicheko hicho ndicho ninachokikaripia kuliko yote. Mtoto alikuwa na huruma, ninyi mkaigeuza aibu mbele ya watu. Mkamfundisha kwamba kiumbe kilichomo mkononi mwake, kisichoweza kumdhuru wala kumshitaki, maumivu yake ni mchezo. Na bado hamjamaliza: sufuria inatokota, mama ana haraka, kuku anatumbukizwa katika maji ya moto angali anavuta pumzi.

Hamwezi kusema hamkuambiwa. Nchi hii ya Wanyanga ina utendi wake mkuu, wa Mwindo, ambao Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, nao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo alimuua joka Kirimu bila kujali kwamba joka huyo alikuwa ndugu wa kuchanjiana na Nkuba, mwenye radi. Nkuba akamnyakua akampeleka juu mwaka mzima, huko akanyeshewa na mvua na kuunguzwa na jua, asiweze kujitetea, yeye aliyezoea kushinda kila vita. Aliporudi alikuwa amepewa mwiko wa kutoua mnyama wa porini wala wa kijijini. Sisemi wazee wenu waliacha nyama. Nasema walimwimba shujaa ambaye hakukamilika hadi alipofundishwa kuzuia mkono wake.

Mkristo, Mithali sura ya 12 inakuambia kwamba mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Mwislamu, Mtume wako alikuamuru unoe kisu na umpumzishe mnyama unayemchinja. Kila Jumapili na kila Ijumaa mnaitikia, kisha mnarudi kwenye kisu kilekile.

Sasa lile jibu lenu. Ni kweli mmeteswa. Miaka ile ya mwanzo ya mgodi wa Bisie, vijana walibeba magunia ya kilo 50 ya madini ya kasiteriti migongoni wakikata msitu hadi Ndjingala, na vizuizi vya wenye bunduki viliwangoja njiani. Mwaka 2010 serikali ilipopiga marufuku uchimbaji, waliolala njaa ni wadogo. Mwezi Machi 2025 waasi wa M23 walipoingia Walikale, mliacha nyumba na mifugo mkakimbilia msituni. Basi ninyi mnajua kubebeshwa hadi goti linaisha nguvu, mnajua kuwa mkononi mwa mtu asiyeona kama mnaumia. Nani basi atayajua maumivu ya aliyefungwa, kama si ninyi? Huruma si mchele wa msaada useme ukimpa kuku itampungukia mtu. Na aliyewafanyia ninyi ukatili naye alikuwa mtoto wa mtu, akacheka uwanjani pamoja na wengine.

Mwenye njaa achinje, simzuii. Lakini baba, kinoe kisu usiku, kuku asikione, hadi kikate unyoya bila kuvutwa. Mkamate angali amelala, kwa mikono miwili, umzungushie kipande cha kitenge mabawa yatulie. Mara ya kwanza mtoto amshike tu, ukate wewe, naye aone kazi ikifanywa vizuri. Zamu yake itakuja. Kata chini kidogo ya taya, mara moja, kwa nguvu, mishipa ya pande zote mbili. Ikikatwa yote pamoja fahamu humtoka upesi. Ukikata upande mmoja anabaki akijua yanayompata kwa muda mrefu zaidi. Mwambie mtoto kwamba kule kupapatika kwa mwisho ni misuli tu, asiogope, wala asimwachie. Liguseni jicho kwa ncha ya unyoya: likipepesa, maji ya moto yangoje. Na akitaka kulia, alie, wala mtu asimcheke.

Nawe mwenye pikipiki, suka tenga la fito, kuku wakae humo kwa miguu yao, wafunikwe jua. Ukisema tenga linakula nafasi ya kuku wanne, basi wapunguze hao wanne.