Chupa ya Mafuta na Simu Mfukoni

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Haya ni mahubiri niliyotoa Jumapili iliyopita Embu, nikayarudia Jumatano jioni Nkubu. Wengi mliniomba niyaandike, hasa ile sehemu ya simu.

Hadithi mnaijua. Mwanafunzi wa manabii amekufa, ameacha mjane, wavulana wawili na deni. Mdai yuko njiani kuja kuwachukua watoto wawe watumwa. Tukisoma tunakimbilia muujiza wa mafuta. Leo tukae kidogo kwenye deni. Biblia haisemi marehemu alikopa kwa ajili ya nini. Pengine chakula tu. Mjane anamwambia Elisha kwamba mumewe alimcha Bwana, na Elisha hampingi. Kumbe mtu anaweza kumcha Mungu na bado aache nyumba yake mikononi mwa mdai. Hapo ndipo neno hili lilinishika mimi mwenyewe.

Nina digrii ya biashara. Nimefundisha vijana wetu bajeti hapa hapa kanisani. Desemba mke wangu aliniuliza pesa zetu huenda wapi, nikamjibu kisomi kwamba maisha yamepanda. Akasema, "Baba watoto, toa taarifa ya M-Pesa tuone." Tukaitoa ya miezi sita, nikaanza kupigia mstari mwekundu kila ada ya mkopo wa simu. Kumi hapa, ishirini pale. Jumla ilikuwa shilingi 4,380. Hiyo ni ada tu, sio mikopo yenyewe. Nilikopa nauli, nikakopa tokeni za stima, nikakopa mchango wa mazishi ili jina langu lionekane kwenye orodha ya WhatsApp.

Na kuna jambo ambalo Nkubu sikulisema, aibu ilinishika. Oktoba mama mmoja wa kanisa aliniomba 600 za dawa. Nikamwambia sina, tuombe. Na kweli sikuwa nazo. Lakini ile karatasi ilinionyesha kwamba mwezi huo huo nilikuwa nimelipa ada ya 910. Tuliomba, akasema amina, akaenda kuazima kwa jirani.

M-Shwari ilianza 2012, Fuliza ikaja Januari 2019. Sisemi ni za shetani. Kuna mtu hapa alifikisha mtoto hospitalini usiku kwa sababu ya mkopo wa simu. Shida ni vile zinavyofanya kazi. Ukiwa na deni la Fuliza, pesa ikiingia inakatwa kwanza kabla hujaigusa. Kwa hivyo jioni huna kitu, unakopa tena. Kesho hivyo hivyo. Hakuna mdai anayebisha mlango, kwa hivyo hatuoni kama tunadaiwa.

Chukua mkopo wa 1,000 unaokutoza 10 kwa siku. Siku 30 ni 300. Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi itakuomba 10 kwa mwezi mzima. Shilingi kumi ni ile ile, moja ni ya siku na nyingine ni ya mwezi. Ada hubadilika, kwa hivyo soma ya kwako, usinukuu ya mhubiri.

Wenye chai, kuanzia Runyenjes hadi Imenti, mnajua mambo ya bonasi. Inakuja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba, na kufikia Agosti wengine tumeshaila dukani kwa mkopo. Wa Igembe wanakumbuka Juni 2014, Uingereza ilipopiga marufuku miraa. Soko lile lilifungwa, lakini aliyekuwa na mkopo aliendelea kudaiwa. (Kama aliyeokoka alime miraa au muguka, hilo tuliache, lina Jumapili yake.)

Sasa mwangalie Elisha. Anaanza kwa kumuuliza mama ana nini nyumbani. Halafu anamwambia akaazime, lakini sio pesa. Akaazime vyombo vitupu, vitu vya kazi. Kukopa ununue ng'ombe wa maziwa au tangi la maji, ukiwa umepiga hesabu ya kulipa, sio sawa na kukopa kredo ya simu. Na mafuta yalipopatikana, Elisha alitoa utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Sisi bonasi ikifika tunaanza na kuishi. Tunabadilisha viti vya sebuleni, deni linasubiri.

Mtaniuliza, na sadaka je? Nitasema wazi, na mchungaji wetu mkuu amesoma hapa kabla hapajachapishwa: usikope kwa simu ili utoe sadaka. Kama huna leo, huna leo. Njoo uimbe, hakuna atakayekuangalia vibaya. Na tukianza kukuangalia vibaya, sisi ndio tuna shida.

Jambo lingine fupi. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinakataza wakopeshaji wa simu kutumia majina yaliyo kwenye simu yako kuwatumia watu ujumbe ukichelewa kulipa. Ikikutokea, usijifiche, na usikope kwingine ili ulipe kwa hofu. Weka ujumbe huo, tutakusaidia kupeleka malalamiko. Deni bado ni lako na utalilipa, lakini aibu hiyo si halali yao.

Kuanzia Alhamisi hii, baada ya maombi ya mchana, nitakuwa ofisini Embu, na Jumamosi asubuhi Nkubu. Njoo na taarifa yako ya miezi mitatu na kalamu nyekundu. Wanandoa mje pamoja mkiweza. Yangu itakuwa mezani, mistari yote, uanze kwa kusoma yangu. Yule mjane aliambiwa ajifungie mlango na wanawe wakimimina mafuta, nasi tutaufunga.