Mkurugenzi Asiyeuliza

Alasiri ya tarehe 19 Novemba 2010, gesi ya methani ililipuka ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, New Zealand. Chini ya ardhi walikuwamo watu 31. Wawili walitoka wakiwa hai. Waliobaki 29 walikufa humo. Mdogo wao alikuwa na miaka 17, na ile ilikuwa zamu yake ya kwanza.

Gesi hiyo ilikuwa imeshajitangaza. Methani hulipuka ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na katika siku 48 kabla ya mlipuko, ripoti za mgodini zilitaja kiwango hicho mara 21. Mara nyingine 27 zilitaja kiwango cha chini ya hapo, lakini cha hatari. Hebu mfikirie mtu anayeijaza fomu ile: zamu imekwisha, mikono myeusi kwa makaa, anaandika namba, anaiacha karatasi ofisini, na kesho anarudi shimoni palepale. Kuongeza mitambo au kuahirisha uzalishaji wa mgodi mzima hakukuwa mikononi mwake.

Kulikuwa mikononi mwa bodi. Na bodi ilikuwa na kamati ya afya, usalama na mazingira, ikiongozwa na John Dow, mwenyekiti wa bodi yenyewe. Kwa kutazama tu muundo, ungetaka nini zaidi? Lakini Tume ya Kifalme iliyochunguza maafa yale, katika ripoti yake ya mwaka 2012, ilikuta kamati hiyo haikuwa imekutana kwa miezi 13 kabla ya mlipuko. Msimamo wa mwenyekiti, kwa mujibu wa Tume, ulikuwa kwamba mambo yanakwenda sawa mpaka aambiwe vinginevyo.

Msimamo huo unanikosesha raha kwa sababu hauhitaji ukatili wowote. Mtu ameajiri wataalamu, akawaamini. Mkurugenzi si mchimbaji, hukutana na wenzake mara chache kwa mwaka, na hawezi kujua kila bomba na kila waya. Yote hayo nayakubali. Ila tazama tunavyoshughulika na fedha. Hakuna bodi inayosema hesabu ziko sawa mpaka mtu aje kulalamika. Wanadai taarifa kila kikao, wanaipitia mstari kwa mstari, kisha wanamlipa mkaguzi wa nje aje kuhakikisha, na mhasibu haoni kwamba ametukanwa. Kumbe kuuliza wanajua. Kwa nini basi fedha ikaguliwe na hewa iaminiwe? Nadhani jibu ni chungu: mtu hukagua kile ambacho kikipotea kitamuuma yeye.

Kwa hiyo kutojua kwa mchimbaji na kutojua kwa mkurugenzi hakulingani. Mchimbaji asiyejua amenyimwa habari. Mkurugenzi ana mamlaka ya kuitisha ripoti yoyote na kuvaa kofia ngumu ateremke mgodini kesho asubuhi. Asipojua, ni kutojua kwa hiari, hata kama hakukaa chini akakusudia. Wahenga walionya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kazini mambo hugeuka: mkuu asiposikia la mdogo, guu linalovunjika ni la mdogo.

Na la kuuliza lilikuwapo: njia ya pili ya kutokea Pike River ilikuwa kupanda ngazi, zaidi ya mita 100, ndani ya shimo lilelile la kutolea hewa chafu. Kuuliza moto ukiwaka watu watatokea wapi hakuhitaji shahada ya uhandisi. Kunahitaji mjumbe mmoja anayekataa kikao kifungwe kabla hajajibiwa, hata siku ambayo ajenda nzima ni mtaji unaoisha na makaa yaliyochelewa.

Kampuni ilitiwa hatiani mwaka 2013, ikiwa tayari mikononi mwa wafilisi. Mashtaka dhidi ya aliyekuwa mtendaji mkuu wake yaliondolewa mwaka huohuo, huku dola milioni 3.41 za New Zealand zikilipwa kwa familia na manusura. Wafiwa wawili, wanawake, walilipinga hilo mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba mapatano yale hayakuwa halali. Walitaka kesi isikilizwe.

Hapo katikati nchi ilikuwa imetunga sheria mpya, ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Aprili 2016. Inamtaka kila mkurugenzi, yeye binafsi, azijue hatari za kazi ya kampuni yake, ahakikishe fedha na vifaa vya kuzidhibiti vipo, na athibitishe kwamba vinatumika kweli. Anayehatarisha maisha ya watu kwa uzembe wa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5. Mimi kifungo hakinigusi sana kama jambo hili moja: wajibu huo haungoji mtu afe. Mkurugenzi anaweza kuulizwa leo, wafanyakazi wake wote wakiwa wazima, amethibitisha nini na lini.